Siku yangu moja Lofoten: koleo, basi na mtu wa daraja

Saa kumi na moja alfajiri niko nje na koleo. Theluji imefunika ngazi za vibanda vyote sita, na mgeni akiteleza, lawama ni zangu. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania nilikokulia, wanajua kazi yangu ni kutembeza wazungu. Mama mdogo alinitumia sauti WhatsApp: "Mwanangu, kumbe unalipwa kwa kutalii!" Haya, mama.

Vibanda vinaitwa rorbu. Vyekundu, vimesimama kwa miguu ya mbao juu ya maji. Zamani walilala humo wavuvi waliokuja visiwa hivi vya kaskazini mwa Norwei kuvua skrei, samaki wanaoteremka kila majira ya baridi kutoka Bahari ya Barents kuja kuzaa. Sasa wanalala watalii, na wanataka wakute pana joto.

Saa moja chai, saa mbili vyombo, saa tatu tuko barabara ya E10, wageni saba, matairi yenye misumari. Desemba jua halikuchomoza karibu mwezi mzima. Sasa ni Februari, linachungulia saa chache tu, hivyo tunalikimbilia. Pwani ya Haukland bibi mmoja alivua viatu akakanyaga maji, akatoka mbio huku akipiga kelele. Tulicheka wote, na yeye zaidi.

Saa sita, daraja la Hamnøy. Nikasema dakika kumi. Bwana mmoja alikuwa na picha ya mtu mwingine kwenye simu: vibanda, mlima, anga la waridi. Alitaka hiyohiyo. Mlima wenyewe ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Akasimika kamera, akangoja. Baridi ya huku si kali kama watu wanavyodhani, maana mkondo wa bahari huleta maji ya uvuguvugu. Tatizo ni upepo. Dakika arobaini. Nikamfuata, upepo ukinisukuma ubavuni.

"Bwana, wenzio wanakungoja."

"Nimelipa. Tungoje wingu lipite."

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama hakuna Mnorwei anayeijua hali ya hewa ya hapa. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa. Nikamwambia theluji inakuja. Akatabasamu. Ikaja, ya pembeni, ikamjaa kwenye lenzi.

Kijijini Reine tukakaa dakika tano, na mlima Olstinden haukuonekana. Yule bibi alikuwa ameusubiri tangu asubuhi. Hakusema kitu, na hilo ndilo liliniuma.

Kurudi tulijikokota nyuma ya gari la kusukuma theluji. Tulipopita vichanja vya samaki nikapata nguvu kidogo: wananing'inizwa wawili wawili, bila chumvi, upepo unawakausha mpaka Mei, na vichwa vinauzwa Nigeria. Nikawaeleza dagaa wetu wa Tanganyika wanavyoanikwa. Bibi akauliza maswali mengi.

Saa ngapi tulifika sikumbuki, giza lilikuwa limeingia zamani. Kuwasha majiko sita. Kambini kuni nilizibeba kichwani. Hapa zinanunuliwa dukani, zimefungwa kwenye wavu kama vitunguu.

Nilipofika cha mwisho, yule bwana alikuwa tayari ameketi na soksi za sufu, ananitazama nikipuliza moto.

"Pazuri sana hapa," akasema. "Kesho turudi darajani?"

Nikamwambia kesho ni siku yangu ya mapumziko. Na kweli ni mapumziko. Nina nguo za kufua.