Walikuja na manukato

Pasaka imepita, mahubiri yamesogea mbele, na mimi bado niko Luka 24. Kila nikijaribu kuendelea na kitabu cha Matendo najikuta nimerudi kwa wale wanawake na mizigo yao.

Walikuwa wametoka na Yesu Galilaya. Walifuata mpaka kaburini, wakaona jinsi mwili ulivyowekwa, wakarudi kutayarisha manukato na marhamu, wakapumzika siku ya Sabato kama ilivyoamriwa, na alfajiri ya siku ya kwanza ya juma wakashika njia. Tumezoea kuwasifu kwa imani yao, na upendo wao sina shaka nao hata kidogo. Lakini manukato yale yalikuwa ya maiti. Walikwenda kumalizia mazishi yaliyofanywa mbiombio kwa sababu Sabato ilikuwa inaingia. Nikodemo naye, anasema Yohana, alileta manemane na uudi, yapata ratli mia, yaani zaidi ya kilo 30. Anayetarajia kwamba marehemu atainuka kesho kutwa habebi shehena ya namna hiyo. Asubuhi ile ya Pasaka hakuna hata mmoja aliyekuwa anasubiri ufufuo.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu ya neno nililosikia mgonjwa mmoja akiambiwa kando ya kitanda chake: "Ungekuwa na imani ya kutosha, ungekwisha kupona." Aliyesema alikuwa na nia njema, naamini hivyo. Mgonjwa aligeukia ukutani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilijibu neno lile kimoyomoyo, na nimeona afadhali niliandike jibu lenyewe, maana mawazo yasiyoandikwa yananizunguka tu.

Basi nimezisoma tena habari zote za ufufuo nikiwa na swali moja: nani aliamini kwanza, kisha Bwana akamtokea kama malipo ya imani hiyo? Sijampata. Wanawake wanarudi na habari, na mitume wanaona maneno yao "kama upuzi". Upuzi! Luka angeweza kuwasitiri wakuu wa kanisa lake kwa kuchagua neno la adabu zaidi, lakini hakufanya hivyo. Maria Magdalene anasimama nje ya kaburi akilia, anamwona Yesu, anadhani ni mtunza bustani, na anachoomba ni kuonyeshwa mwili ulikowekwa ili akauchukue. Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau wanasema "tulikuwa tukitumaini", tumaini lao wanalitaja kama jambo lililokwisha kupita, nao wanamwambia hivyo yeye mwenyewe bila kumtambua. Tomaso tunamfahamu, ingawa naona tunamwonea. Alichodai ni kuona kile ambacho wenzake kumi walikuwa wamekwisha kukiona, na wao pia hawakuamini mpaka walipokiona.

Marko ndiye mkali kuliko wote. Nakala mbili za zamani sana za Biblia, za karne ya 4, zinaishia 16:8: wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakitetemeka, "wala hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa." Zamani mwisho huo ulinisumbua. Siku hizi naupenda, kwa sababu kaburi liko wazi tayari, na hofu yao haikulifunga.

Halafu kuna Martha wa Bethania, dada yake Lazaro aliyekufa, ambaye kwangu ndiye mtu wa kweli kuliko wote katika habari hizi. Yohana 11. Yesu anamwambia, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima," na Martha anajibu kwa ungamo ambalo halina upungufu wowote: amesadiki kwamba yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, yule ajaye ulimwenguni. Petro mwenyewe hakusema zaidi ya hapo. Aya chache mbele wako kaburini, Yesu anaagiza jiwe liondolewe, na Martha huyohuyo anamzuia: "Bwana, ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne." Midomo iliyotamka ungamo ndiyo inayokumbusha harufu. Wala sidhani alikuwa anajikana. Siku ya mwisho aliiamini kabisa. Kilichokuwa kigumu kwake ni alasiri ile, mbele ya jiwe lile, na majirani wakitazama.

Yesu alimwambia nini? Hakumtaka arudi nyumbani akaombe mpaka mashaka yaishe. Alimkumbusha ahadi, jiwe likaondolewa, naye akamwita Lazaro. Na Lazaro, nikumbushe, alikuwa na imani kiasi gani saa ile? Alikuwa maiti. Kama ufufuo ungepimwa kwa imani ya anayefufuliwa, yule angekuwa wa mwisho kufikiriwa. Paulo anaposema katika Waefeso 2 kwamba tulikuwa wafu kwa sababu ya makosa yetu, na Mungu akatuhuisha pamoja na Kristo, huwa naona kaburi la Bethania nyuma ya maneno hayo, hata kama yeye hakuwa analifikiria. Imani inatajwa pale, ndiyo, "kwa njia ya imani", lakini papo hapo anaongeza kwamba haya hayakutokana na nafsi zetu, ni kipawa cha Mungu.

Sasa niwe mwaminifu kwa upande wa pili, kwa sababu yule aliyezungumza na mgonjwa hakulitoa wazo lake hewani. Nazareti, mji aliokulia Yesu, ipo. Marko 6 inasema hakuweza kufanya mwujiza wowote huko, akastaajabu kwa sababu ya kutokuamini kwao. Mathayo 17 ipo, wanafunzi waliposhindwa kumponya kijana wakaambiwa ni kwa sababu ya upungufu wa imani yao. Aya hizi sitazifuta. Lakini nasoma pia kwamba hata Nazareti aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache akawaponya, na kwamba katika habari ya kijana yule walioshindwa walikuwa wanafunzi, yaani wahudumu, na wao ndio walioambiwa juu ya upungufu. Kijana hakulaumiwa. Baba yake, kwa simulizi ya Marko, alilia akisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na ombi hilo lililochanganyika lilitosha. Kwa hiyo ukitaka kuitumia habari hiyo kando ya kitanda, lawama inamwangukia anayeombea kabla ya kumfikia anayeombewa. Sijamsikia mtu akiihubiri hivyo.

Na Bwana aliyefufuka hakusifu kutoamini. Wale wa Emau aliwaita wenye mioyo mizito ya kuamini. Ila angalia anawakemea akiwa wapi: njiani, akitembea nao, muda mfupi kabla ya kuketi nao mezani na kuumega mkate. Karipio lilikuja pamoja naye. Hakulituma mbele yake kama sharti.

Jana usiku niliendelea na 1 Wakorintho 15, nikasoma polepole ile orodha ya waliotokewa na Bwana aliyefufuka. Paulo aliandika barua hii akiwa Efeso, kwenye miaka ya 50, yaani miaka 20 na ushee tu baada ya msalaba, na anasema kwamba katika wale ndugu zaidi ya mia tano waliomwona Bwana, wengi walikuwa bado hai. Kawaida tunaisoma orodha hiyo kama ushahidi, na ni sawa. Lakini tazama waliomo. Kefa, yaani Petro, aliyemkana mara tatu. Thenashara, waliomwacha wakakimbia. Yakobo: kama ndiye yule ndugu yake Bwana, na nadhani ndiye, basi ni mmoja wa wale ambao Yohana 7 inasema hawakumwamini, nao walikuwa wa nyumba moja. Baadaye tunamkuta akiliongoza kanisa la Yerusalemu, na Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anaeleza jinsi alivyopigwa mawe hadi kufa, mwaka 62 hivi. Kutoka ndugu asiyeamini mpaka shahidi anayekufa kwa ajili ya ndugu yake! Injili hazituelezi walizungumza nini siku alipomtokea. Ningetoa kingi kuyasikia mazungumzo hayo.

Wa mwisho ni Paulo mwenyewe, na hapo orodha inageuka kuwa ushuhuda: mdogo wa mitume, asiyestahili kuitwa mtume, kwa sababu aliliudhi kanisa la Mungu. Kisha: "Lakini kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo." Paulo alikuwa njiani kwenda Dameski kuwafunga watu. Hata manukato hakuwa nayo. Alikuwa na barua za kuhani mkuu.

Mkana Bwana, watoro, ndugu asiyeamini, mtesaji. Nilikuwa nimezoea kuutafuta ufufuo katika aya hizi na neema katika aya nyingine, kama vile ni masomo mawili ya majuma tofauti. Lakini kila jina katika orodha hiyo ni neema tayari. Hakumtokea Pilato aliyemhukumu ili amwaibishe, wala Kayafa kuhani mkuu. Aliwaendea waliomwangusha, na Marko ana ile nyongeza ndogo ya malaika ambayo wengine hawana: "wanafunzi wake na Petro". Petro alikuwa mwanafunzi, kwa nini atajwe peke yake? Nafikiri kwa sababu angesikia "wanafunzi wake" tu, asingethubutu kujihesabu.

Ndipo ile aya ya 17 ikanikaa sawasawa. Kama Kristo hakufufuka, anasema Paulo, imani yenu ni bure. Angalia mpangilio. Imani yetu ndiyo inayosimama juu ya ufufuo, nasi mara nyingi tunahubiri kana kwamba ufufuo unasimama juu ya imani yetu. Ikiwa hakufufuka, imani kubwa kama mlima haitamtoa kaburini. Ikiwa amefufuka, basi amefufuka hata siku ambayo mgonjwa hana nguvu ya kusema amina. Hili halijibu kwa nini mmoja anapona na mwingine hapana, na sitajifanya kwamba linajibu. Lakini linamwondolea mgonjwa mzigo ambao haukuwa wake, na ningependa nipate nafasi ya kukaa naye nimsomee Yohana 11 yote, hasa pale Yesu anapolia machozi ilhali anajua atakachokifanya dakika chache baadaye.

Mathayo ana neno lingine ambalo sikulipa uzito miaka yote. Kule mlimani Galilaya, katika kikao cha mwisho, wale kumi na mmoja walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Mathayo hakuwataja kwa majina, wala Yesu hakuwatenga upande mmoja. Agizo la kwenda kwa mataifa yote walipewa wote pamoja, wenye shaka na wasio na shaka, na ahadi ya kuwa nao siku zote hali kadhalika. Maana yake katika wale waliotuletea injili walikuwamo watu ambao wakati wanaagizwa walikuwa bado hawajatulia moyoni.

Kesho nataka kuingia Warumi 4, na tayari nina ugomvi nayo. Paulo anasema Ibrahimu hakuwa dhaifu wa imani alipoufikiria mwili wake wenye umri wa kama miaka mia, na kwamba hakusita kwa kutoamini. Nimefungua Mwanzo 17 kuhakikisha, na pale Ibrahimu anaanguka kifudifudi, anacheka, anauliza moyoni kama mtu wa miaka mia atapata mwana, halafu anamwomba Mungu aridhike na Ishmaeli, mwana aliyekuwa naye tayari. Paulo alikijua kitabu cha Mwanzo kuliko mimi. Aliona nini katika kicheko kile mpaka akakiita imani?