Kanda za Kiseminole zilivyonitoa jasho mpaka nikazipatia

Naanza na hasira kwanza. Yule dada aliyeniambia kwamba ukitaka kushona viraka vya Kiseminole unakata vipande vya mraba kimoja kimoja halafu unaviunga, nimekusamehe ila sijasahau. Wiki mbili nimekaa mezani na mkasi na kipande cha boksi nachora nakata, nachora nakata, na mwisho wa wiki hizo mbili nilikuwa na kiukanda kimoja urefu wa mkono wa mtoto, kimepinda kama mjusi aliyegongwa na baiskeli.

Kwa wasiojua. Mi naishi Florida kusini, na siku moja tulienda huko Big Cypress, eneo la Waseminole, wenyeji asilia wa Florida, kwenye ile makumbusho yao, Ah-Tah-Thi-Ki, ambayo maana yake ni mahali pa kujifunzia. Watoto walikuwa wanataka mamba, mimi nikagandia kwenye sketi. Yaani sketi nzima imejaa mistari ya mapambo, nyekundu, njano, nyeusi, ile bluu ya bahari, na kila mstari una umbo lake: moto, mvua, radi, mshale uliovunjika. Kwa mbali unadhani imechapwa kiwandani, ukisogea unaona ni mishono, vipande vingine vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nje kulikuwa na mama mmoja anauza, nikauliza bei, nikaguna. Leo siguni tena.

Kilichonishika zaidi ni cherehani. Hawa watu baada ya vita vyao na jeshi la Marekani, ambavyo viliisha 1858, waliobaki walikuwa wamejificha ndani kabisa ya mabwawa ya Everglades. Walikuwa wanatoka na mitumbwi kuuza ngozi na manyoya ya ndege madukani, wanarudi na vitambaa, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1800 wakawa wanarudi na cherehani za mkono, zile za kuzungusha mpini. Kufika miaka ya 1910 na 1920 ndo viraka hivi vikashamiri. Sasa mama yangu Tanga amenilea na cherehani hiyohiyo ya mkono, chini ya mwembe! Nikajisemea kama wao walikaa chini ya banda la makuti wakazungusha mpini wakatoa vitu hivi, mi nina meza na umeme nashindwaje kushona kwilti, lile blanketi la viraka, yenye kanda kama hizo. Jeuri hiyo iliniponza.

Siri ni kwamba hakuna mtu anakata vimraba. Unakata vipande virefu, upana wote wa kitambaa, unaviunga kwa urefu vikawa kama bendera, halafu ile bendera ndo unaikatakata kwa kwenda juu, vinatoka vijiti vyenye rangi tatu tatu. Kila kijiti unakishusha hatua moja, yaani kimo cha rangi ya katikati, chini ya mwenzake unashona, rangi ya katikati inajipanga yenyewe kuwa mlolongo wa almasi zimesimama kwa ncha. Nilivyoona mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni saa tano usiku.

Ila kabla ya kucheka nililia. Jaribio la kwanza nilitumia mabaki ya vitenge maana ninavyo mfuko mzima na nikaona nitakuwa mjanja, nichanganye kwetu na kwao. Jamani. Maua juu ya maua, jicho halijui lishike wapi, almasi zote zimemezwa, mume wangu akaniuliza kwa upole kabisa "hiyo ni ya kupigia deki?" Sikumjibu. Nikaenda kununua pamba za rangi moja, tupu, zisizo na picha. Hapo ndo umbo linaonekana. Zilinitoka kama dola sabini hivi, uzi sijahesabu na sitaki kuhesabu.

Jaribio la pili vipande vyote vitatu nikakata inchi moja na nusu, sawasawa. Nikashona, nikashusha hatua, nzuri kweli. Nikaja kunyoosha kingo, kwa sababu juu na chini inakuwa na meno kama msumeno inabidi uyakate, na hapo uache robo inchi nje ya ncha ya almasi ndo mshono wa mpaka, kile kitambaa kizima cha pembeni ya ukanda, upite bila kuzikata ncha. Sasa hiyo robo inchi iko wapi? Haipo! Kati ya jino na jino kuna pengo, kitambaa hakitoshi. Nikakata hivohivo kwa ubishi, ncha zote zikaingia ndani ya mshono, almasi zikawa kama meno ya mzee. Kwa hiyo nyekundu ya katikati kata moja na nusu, za pembeni mbili kamili. Vile vijiti navyo moja na nusu. Mshono robo inchi, na ukisema robo iwe robo kweli, maana ukizidisha unywele mmoja ukiurudia mara thelathini si unywele tena.

Na pasi. Kuna mtu aliniambia pasi piga mwishoni tu, usijichoshe. Huyo naye. Piga pasi kila mshono, na ile bendera mishono yote miwili iangalie nyekundu ya katikati. Ukishusha hatua, mshono wa kijiti hiki unalala chini, wa mwenzake unalala juu, vinashikana vyenyewe kama vidole, hata pini huhitaji. Hili nililigundua kwa bahati na nimetembea nalo kifua mbele mwezi mzima.

Sasa tuje kwenye mikia, ndo hasa nilichotaka kusimulia. Ukimaliza kuunga vijiti, ukanda wako unakuwa umekatwa mshazari ncha zote mbili, kama kipande cha mkate wa kofia uliokatwa vibaya. Bendera moja inakupa vijiti ishirini na nane, na ukanda wa karibu inchi arobaini, si arobaini na mbili kama nilivyodhani, kwa hiyo nilikuwa tayari napigia hesabu kila inchi. Mi nikachukua rula nikakata mikia yote miwili wima. Karibu inchi mbili zikaenda huku, mbili huku, na kwilti inataka kanda tano za inchi hamsini na nne kila moja. Kitambaa cha njano kikaniishia, kwenda dukani njano ile haipo tena, nikakaa kwenye gari nikiwa nimekasirika na dunia.

Usiku nimelala nikakumbuka mama alivyokuwa anaunga kanga iliyochanika. Nikaamka. Nikachukua ukanda uliobaki na mikia yake, nikaukata wima katikati, KATIKATI, popote pale. Halafu nikabadilisha upande: kipande cha kulia kikaja kushoto, cha kushoto kikaenda kulia, mikia miwili ya mshazari ikakutana, na kwa sababu mshazari wake ni uleule nikaishona kama vijiti vingine tu, kwa kushusha hatua ileile. Nikaufungua. Ncha zote mbili zimenyooka, hakuna hata kipande kimoja kilichopotea, na ulipounganishwa huoni. Nilimwamsha mume wangu. Akasema "safi" akageuka ukutani. Baadaye nikaja kujua ujanja huu si mpya hata kidogo, washonaji wa viraka wanaujua zamani, lakini msiniharibie.

Kingo ulizokata meno zimekaa kwa ulalo wa uzi, zinavutika kama chapati mbichi. Tia wanga kitambaa kabla hata hujakata, wanga mzito, kiwe kama karatasi. Na unaposhona mpaka, ukanda wenye viraka ukae chini, kitambaa kizima juu, la sivyo utapata mawimbi. Ukanda wangu wa tatu una mawimbi, nimeuweka upande wa miguuni.

Kwa hiyo kwilti, au mfarishi ukitaka Kiswahili cha vitabu, ina kanda tano na imechukua bendera saba, miezi mitatu kwa kuibia muda. Mtu akiniuliza nasema nimejifunza mtindo wa Waseminole, sisemi ni ya Kiseminole, maana hiyo ni yao na wanaishi kwayo.

Nikampigia mama video nikamwonyesha. Akaiangalia kimya, akasogeza simu machoni, akaniuliza "mwanangu, hali ni ngumu kiasi hicho huko Marekani, mnalalia viraka?" Nikamweleza vita, mabwawa, cherehani ya mkono. Aliposikia ya mkono akanyamaza tena. Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe wa sauti, na yeye anataka, ila kijani na njano tupu, nyekundu asiione hata uzi, si mnajua watu wa Yanga walivyo. Nimeshakata za pembeni, inchi mbili kamili.