Tiketi mbili, safari moja

Miaka 31 nilikaa nyuma ya dirisha la tiketi, stesheni ya zamani ya Dodoma. Mtu wa Mwanza akishuka Tabora, akalala kwa shangazi yake, kesho yake akakata tiketi nyingine, kwangu hizo zilikuwa safari mbili. Karatasi ndiyo iliyohesabiwa. Kwa hiyo Februari 2024 Neema aliponipigia kutoka Seattle na kuniambia kwamba tiketi zetu mbili za meli zimegeuka safari moja, tena safari iliyokatazwa na sheria, nilimwambia arudie polepole.

Neema ni binti yetu wa kwanza, muuguzi huko. Yeye na mumewe walitaka kutupa zawadi ya kutimiza miaka 40 ya ndoa, wakasema watatupandisha zile meli za kitalii zenye ghorofa kama jengo la wizara. Pesa zilikuwa zao. Mpango ulikuwa wangu, kwa sababu mtu wa reli ukimpa ratiba hawezi kunyamaza. Nilikaa siku nne na daftari barazani hapa Ipagala, nikapata kitu ambacho niliona ni cha kitaalamu kabisa. Safari ya kwanza: Whittier, Alaska, kushuka kusini kupitia Skagway, Juneau na Ketchikan mpaka Vancouver, Kanada, usiku 7. Safari ya pili: meli ileile, siku ileile, kutoka Vancouver kwenda Los Angeles. Mwishoni mwa Septemba msimu wa Alaska unafungwa na meli zinahamia kwenye joto, kwa hiyo safari za kuhama namna hiyo huuzwa kwa bei nzuri. Chumba kilekile, kitanda kilekile, hata sanduku hulifungi.

Mtandao ulizikubali zote mbili. Ulipokea malipo ya awali bila kukohoa. Wiki tatu baadaye ndipo barua ikaja kwamba ya pili imefutwa.

"Lakini Neema, hizi si tiketi mbili?"

"Ni mbili, baba. Ila wao hawaangalii tiketi. Wanaangalia ulipopandia mara ya kwanza na utakaposhukia mara ya mwisho."

Hapo ndipo nikaanza kusoma, na kusoma kwenyewe kulinichukua Kwaresima nzima. Sheria yenyewe ni ya Marekani, ya mwaka 1886. Wao huiita PVSA, kifupi cha Passenger Vessel Services Act, yaani sheria ya huduma za meli za abiria. Reli yetu ilifika Dodoma mwaka 1910, kwa hiyo sheria hii ilikuwa mtu mzima kabla garimoshi la kwanza halijapiga honi hapa. Inasema meli ya kigeni isisafirishe abiria kati ya bandari mbili za Marekani. Faini ilianza dola 2 kwa kila abiria, mwaka 1898 wakaipandisha mpaka 200, na siku hizi imeshapita 900. Inatozwa meli, lakini mikataba ya kampuni nyingi inasema watamdai abiria aliyeisababisha. Mimi na Mama Neema tungekuwa vichwa viwili.

Ili meli ihesabike kuwa ya Marekani kwa kazi hiyo inatakiwa iwe imejengwa huko, inamilikiwa na watu wa huko na imesajiliwa huko. Hizi za kitalii, nyingi bendera yake ni ya Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, hata kama ofisi za kampuni ziko Miami. Meli kubwa ya baharini yenye bendera ya Marekani niliyoikuta ni moja, Pride of America, na yenyewe inazunguka visiwa vya Hawaii tu.

Nilipofika hapo hasira ilipungua, maana jambo lenyewe tunalijua. Basi la namba za nje linalopita hapa kwenda Dar es Salaam haliruhusiwi kumpakia mtu Singida na kumshushia Dodoma. Hiyo ni biashara ya mabasi yetu. Wamarekani wamefanya hivyohivyo baharini, wamechelewa tu kuangalia kama mabasi yao bado yapo.

Sasa utamu wa sheria uko kwenye vijisehemu vyake, na hapa naomba mnivumilie, mimi ndiyo starehe yangu. Ukianzia bandari moja na kurudi palepale, ruksa, mradi meli iguse nchi ya nje hata mara moja. Ndiyo maana meli zinazotoka Seattle kwenda Alaska na kurudi lazima zitie nanga Kanada, mara nyingi Victoria, hata kama ni kwa saa chache za usiku wakati maduka yanafungwa. Zinazotoka Los Angeles kwenda Hawaii na kurudi hupitia Ensenada, Mexico. Mwaka 2021 Kanada ilipokuwa imefunga bandari zake kwa sababu ya korona, ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria ya muda ili meli zifike Alaska bila kugusa Kanada. Bila hivyo msimu mzima ungelala.

Lakini ukianzia bandari moja ya Marekani na kushukia nyingine, nchi ya nje iliyo jirani haikuokoi. Lazima meli iguse bandari ya mbali. Kanada ni jirani. Mexico jirani. Bahamas na karibu Karibi yote, jirani. Amerika ya Kusini ndiyo mbali, na pamoja nayo wamehesabu visiwa vitatu: Aruba, Bonaire na Curaçao. Ndiyo maana meli zinazokata mfereji wa Panama kutoka California kwenda Florida hupenda kupumzika Cartagena, Kolombia. Watalii wanadhani wamepelekwa kuona ngome ya Wahispania, kumbe nahodha anatimiza sheria.

Kwa hiyo mpango wangu: kupanda Whittier, Marekani. Kushuka Los Angeles, Marekani. Katikati, Vancouver, jirani. Kila kipande peke yake kilikuwa halali, kwa kuwa kimoja kinaishia Kanada na kingine kinaanzia Kanada. Nilipoviunganisha kwenye meli ileile ndipo nikavunja sheria ya babu zao.

Dawa ilikuwa nyepesi kuliko ugonjwa: badilisha meli. Sheria inaangalia chombo kilichokubeba. Ukishuka Vancouver ukapanda nyingine, uzi umekatika. Neema akapata meli ya kampuni tofauti inayoondoka Vancouver siku inayofuata, nayo inahamia Los Angeles. Tulipoteza chumba kilekile na kitanda kilekile, tukapata usiku mmoja wa hoteli.

Huo usiku mmoja ndio uliotafuta makaratasi. Kanada tulihitaji viza yao kwa vyovyote, lakini sasa tulikuwa tunalala nchi kavu, na mimi sikutaka afisa yeyote aanze kuniuliza maswali ninayoyajibu kwa kubabaika. Tulienda Dar es Salaam mara mbili kwa basi: mara ya kwanza mahojiano ya viza ya Marekani, mara ya pili alama za vidole za Kanada. Pasi iliporudi na viza ya Marekani, kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa ile herufi M kwenye nafasi ya idadi ya kuingia, yaani mara nyingi. Tungetoka Marekani kwa meli na kuingia tena kwa meli. Mtu aliyeandikiwa kuingia mara moja asitegemee huruma bandarini. Mama Neema alinicheka kwa kuikagua kwa miwani mbili.

Yeye ugomvi wake ulikuwa mwingine. Tuna robo eka ya zabibu Mpunguzi, na mavuno ya pili ya mwaka huangukia Agosti na Septemba. Meli za kuhama nazo ni mwisho wa Septemba, huwezi kuzisogeza. Alisema waziwazi kwamba barafu la Alaska halijawahi kumlipia mtu ada. Mwishowe mdogo wangu wa Mvumi alikubali kusimamia uchumaji, kwa masharti ambayo sitayaandika hapa kwa sababu anasoma.

Septemba ilipofika, SGR ilikuwa imeanza kufika Dodoma tangu Julai ya mwaka huohuo. Nimezeeka nikiambia watu kwamba Dodoma mpaka Dar ni usiku mzima. Tulifika hatujamaliza maandazi.

Habari za barafu nitawaachia wenye kamera. Kilichonishika mimi kwenye meli ya kwanza kilikuwa kibao kidogo cha shaba karibu na ngazi: imejengwa Meyer Werft, Papenburg, Ujerumani. Nilisimama pale mpaka mhudumu akaniuliza kama nimepotea. Papenburg! Hapo ndipo ilipojengwa MV Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000 na kuletwa Dar, kisha ikapanda reli mpaka Kigoma. Maana yake imepita Dodoma. Imepita mbele ya dirisha langu kabla baba yangu hajazaliwa. Nilijaribu kumweleza mhudumu, kijana wa Ufilipino. Alinisikiliza kwa adabu, akaniletea chai.

Vancouver tulishuka asubuhi na masanduku yetu. Jioni tukaenda kukaa kwenye benchi gatini, tukaiangalia meli yetu ikiondoka kwenda Los Angeles na watu wengine ndani ya chumba chetu. Mama Neema akaipungia mkono. "Nenda salama," akasema, "sisi tutakukuta hukohuko."

Na tulikutana nayo. Siku tunashuka Los Angeles ilikuwa imefunga gati ya pili yake.

Kwenye meli ya pili tulizoeana na wazee wawili wa Scotland ambao walikuwa wanaendelea nayo: Vancouver hadi Los Angeles, halafu Los Angeles kwenda Mexico na kurudi. Wao waliruhusiwa, kwa sababu walipandia Kanada. Nilitaka kuona wanafanywaje asubuhi ya kubadilisha safari, nikadhani watabaki vitandani. Hapana. Walikusanywa ukumbini wakiwa na pasi zao, wakasubiri abiria wote wamalizike kushuka, wakatolewa nje, wakapita kwa uhamiaji, wakarudishwa ndani na kadi mpya. Wanasema idadi ya abiria melini lazima ifike sifuri kwanza ndipo safari mpya ihesabiwe. Nguo zao zilikuwa zinabaki kabatini, ila wao wenyewe walitakiwa kugusa ardhi. Na jioni wangefanya upya zoezi la dharura, kana kwamba hawajawahi kuiona ile meli. Mzee yule alilalamika. Mimi nilifurahi sana. Hata sisi treni ilikuwa haianzi kupakia kabla ya behewa kukaguliwa tupu.

Wiki iliyopita Neema ametuma ratiba nyingine. Usiku 7 kutoka Piraeus, Ugiriki, mpaka Istanbul, kisha usiku 7 meli hiyohiyo kutoka Istanbul kurudi Piraeus. Sheria ya 1886 huko haifiki, nikapumua. Halafu nikakumbuka kwamba Uturuki haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukiingia Ugiriki, ukaenda Istanbul, ukarudi Ugiriki, umeingia Schengen mara mbili, na viza ya kuingia mara moja inakuacha Istanbul na sanduku lako. Nimeshamwandikia aombe viza ya kuingia mara nyingi, na anitumie orodha ya bandari zote katikati kabla hajalipa hata senti.

Mama Neema alisoma ujumbe akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Aliuliza jambo moja tu: ni mwezi gani?