Jora, rangi na kalenda: ninavyopanga ugavi wa karakana yangu ya batiki

Wanaokuja Tandika kuniomba niwafundishe batiki huanza na michoro. Mimi huanza na jora. Najua si somo linalovutia, ila nimeona oda nyingi nzuri za wenzetu zikikataliwa na wateja, na mara nyingi mchoro haukuwa na tatizo. Kitambaa kilinunuliwa nusu leo na nusu wiki iliyofuata, rangi zikatoka tofauti, basi.

Chukua hoteli ya Unguja inayotaka vitambaa vya meza 40, vyote bluu moja. Vitatandikwa ukumbi mmoja, na mgeni anayeingia ataona papo hapo kile kilichopauka. Kwa hiyo kabla sijataja bei napiga hesabu ya kitambaa. Kwa upana wa inchi 60, kila meza inakula mita 1.6, pamoja na pindo na kile kitakachorudi tukichemsha kuondoa nta tunayochorea. Jumla mita 64. Majora ninayonunua yana mita 30, basi nachukua matatu, duka moja, siku moja, na naomba yatoke robota moja, yaani furushi moja la kiwandani. Kinachobaki nakiweka kikiwa cheupe. Chupa moja tu ya divai ikimwagika mezani, hoteli itarudi kuomba vinne vya kuongezea, na kitambaa cha robota lile Kariakoo hakitakuwapo tena.

Sinunui kabla sijachoma. Mzee wa duka ninalolizoea ameshazoea. "Shikamoo mzee. Nikatie ukanda kidogo." "Marahaba mwanangu, choma, hiyo pamba tupu." Nachoma hapo hapo mlangoni. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini. Ikiwa imechanganywa na poliesta, ukingo unayeyuka na kuacha punje ngumu. Rangi za vati tunazotumia zinashika pamba. Poliesta haizipokei, kwa hiyo kitambaa cha mchanganyiko kitatoka kimefifia hata ukiongeza rangi maradufu. Lebo ya jora siichukui kuwa ushahidi, na mzee hajawahi kukasirika kwa hilo. Muuzaji anayekubali kitambaa chake kichomwe mbele ya wateja wengine ni wa kumshika, hata kama jirani yake anauza kwa bei ya chini kidogo.

Stoo nayo ina sheria zake, na hapa ndipo naona fedha nyingi zinapotea. Tunaambiwa tununue kwa wingi ili bei ishuke. Kwa kitambaa, sawa. Kwa unga wa rangi ulio mkavu kwenye kopo lililofungwa vizuri, sawa pia, tena ni lazima, kwa sababu kopo la awamu nyingine linaweza kukupa bluu nyingine. Lakini haidrosalfaiti haiwekeki. Rangi ya vati haiyeyuki kwenye maji peke yake. Haidrosalfaiti pamoja na kostiki soda ndizo zinazoifungua ili iingie kwenye nyuzi, kisha kitambaa kikitoka kwenye ndoo na kukutana na hewa, rangi inarudi hali yake na kujifungia humo ndani. Sasa dawa hiyo ikipata hewa na unyevu kabla ya kazi inapoteza nguvu, na hewa ya Dar es Salaam unaijua. Ikilowa inaweza hata kujichemsha mpaka ikashika moto. Mimi nanunua ya oda iliyo mbele yangu tu, chombo kidogo kisichofunguliwa, ingawa kwa kilo naumia. Bei nafuu ya gunia lililofunguliwa dukani tangu mwezi uliopita si nafuu.

Kostiki nayo inanyonya unyevu, iwekwe kwenye plastiki yenye mfuniko wa kukaza, juu, mbali na watoto. Na wadogo zangu mnaoanza: glavu kila siku, na ni kostiki inayotiwa kwenye maji. Usimwage maji juu ya kostiki hata siku moja. Nta ndiyo rahisi kuliko vyote. Tukichemsha kitambaa inaelea, ikipoa tunaiengua na kuirudisha kazini.

Daftari langu lina ukurasa kwa kila oda. Napinia kipande cha kitambaa kilichotiwa rangi, naandika duka, tarehe, namba iliyo kwenye kopo la rangi, na gramu za kila dawa kwa lita za maji. Gramu za mizani, si vijiko. Binti ninayefanya naye kazi anaweza kuurudia ule ukurasa nisipokuwepo, na hapo ndipo karakana inapoanza kuwa biashara.

Kuhusu kalenda, nahesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya kukabidhi. Maonesho ya Sabasaba hufunguliwa Juni 28. Mwaka 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kuanzia Juni 24, kwa siku kadhaa, na mwaka mmoja kabla walikuwa wamefunga mwezi Mei. Madai yao yalikuwa ya kodi na yalikuwa na uzito wake. Ila fundi aliyekuwa amepanga kununua wiki ile ya mwisho hakuwa na pa kwenda. Mali ya Sabasaba kwangu inaingia stoo kabla Mei haijaisha. Masika yenyewe, Machi mpaka Mei, sipokei oda za haraka, maana kitambaa kinachokaa kibichi kwenye kamba kinashika ukungu. Maji nayo ni malighafi: Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua jiji liliingia kwenye mgao, na batiki bila maji ya kusuuza haipo. Tangi la lita 1,000 linagharimu, lakini naliweka daraja moja na jiko.

Fedha inafuata mstari huo huo. Nataka advansi inayolipa kitambaa, rangi na dawa zote siku ya kwanza, hata oda ikiwa ya mtu ninayemheshimu sana. Maduka ya watalii yanayochukua kwa mali kauli, yaani yanalipa yakishauza, nayapa kidogo, na naandika kila kipande kuwa bado kiko stoo yangu mpaka kilipwe. Kina dada wengi wana mtaji wa kutosha, ila umelala kwenye rafu za watu Masaki, huku wao wanakopa nauli ya Kariakoo.

Jambo moja bado linaniuma. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza, na sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa haijasokotwa. Kitambaa cheupe ninachokichoma mlangoni kwa mzee kimekuja kwa meli. Natafuta kiwanda cha hapa nchini kitakachoniuzia pamba tupu ya inchi 60, jora tatu au nne kwa wakati, kwa upana na uzito usiobadilika kati ya oda moja na nyingine. Nipo tayari kulipa kabla na kusubiri. Nimeanza kuzungumza na mafundi wengine wa Temeke tuunganishe oda zetu, kwa sababu kiwanda hakiwezi kuwasha mashine kwa ajili ya jora tatu za mtu mmoja.