Daktari wa Ikulu na Cheti cha Kiharusi

Kuna jamaa barazani kwetu Ngamiani wanaamini ukishakuwa daktari wa mkubwa basi umemaliza, gari, nyumba, heshima, watoto wanasoma Ulaya. Mi kazi yangu thieta, chumba cha upasuaji, hapahapa Tanga, nikawaambia haya, mngemjua James Wylie kwanza.

Huyu bwana Mskoti, kazaliwa 1768, kasoma udaktari Edinburgh, 1790 akaenda zake Urusi kutafuta maisha, akaanzia kwenye kikosi cha jeshi huko. Kilichomtoa ni jipu. Kulikuwa na mtu anaitwa Kutaisov, mtoto wa Kituruki aliyetekwa vitani akaja kuwa kinyozi wa mfalme Paul wa Kwanza, halafu akapandishwa mpaka ukabaila (kinyozi jamani, hapo ndo mjue ile ikulu ilikuwaje), sasa akapata jipu kooni, Wylie akalipasua, jamaa akapona. 1798 Wylie huyo kawa mpasuaji wa ikulu.

Utamu uliishia Machi 1801. Paul alivamiwa usiku chumbani kwake na maofisa wake mwenyewe, wakampiga wakamnyonga. Aliyeitwa kuuandaa mwili watu waje waage ni Wylie, anaiona ile shingo, anauona ule uso, na kifo kikaandikwa kiharusi. Watu humlaumu, ila mi nasema ukiwa pale na waliomuua ndo wameshika nchi, kalamu inaandika yenyewe.

Mtoto wa marehemu, Alexander wa Kwanza, akamuweka karibu hadi siku anakufa yeye, Taganrog 1825. Vita na Napoleon wa Ufaransa walikuwa pamoja. Dresden, Ujerumani, Agosti 1813, jenerali Moreau, Mfaransa aliyehamia upande wa Alexander, alikuwa karibu kabisa na mfalme, tufe la mzinga likamsaga miguu yote miwili na Wylie akaikata yote. Dawa ya usingizi hakuna, etha ilikuja kuonyeshwa hadharani 1846, kwa hiyo wakati ule mpasuaji hodari ni mwenye mkono mwepesi, mgonjwa anakuangalia machoni huku msumeno unafika kwenye mfupa. Moreau wanasema alikuwa anavuta sigara tu. Siku chache mbele akafa. Mzee mmoja barazani akauliza Wylie alikuwa analipwa kwa mwezi au kwa mguu, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Ila kazi alifanya, tusimuonee. Chuo cha madaktari na wapasuaji St. Petersburg alikiongoza miaka 30, 1808 mpaka 1838, na jarida la tiba la jeshi lilianza 1823 kwa mkono wake. Kafa 1854, hana mke hana mtoto, na mihela yote ile sehemu kubwa akaagiza ijengwe hospitali hukohuko Urusi, ikafunguliwa 1873. Ndugu zake Skotilandi waliipokeaje hiyo habari, hapo malizieni wenyewe.