Mashindano matatu ya baiskeli kwa siku moja, na ada tatu kamili

Binamu yangu aliyeko Kahama aliona risiti niliyoituma kwenye kundi la familia, akaandika: "Kaka, yaani umelipa dola 135 ili uchoke?" Wengine wakacheka, na shangazi akauliza kama kazi nimeacha. Swali hilo limenikera wiki nzima, kwa sababu nusu yake ni haki kabisa na nusu yake inatokana na kutojua mambo yanavyokwenda huku Marekani.

Nianze na iliyo haki. Katika vitongoji vya Chicago, kila kiangazi, miji midogo hufunga mitaa yake ya katikati kwa siku nzima, na waendesha baiskeli huzunguka njia fupi ya kilomita moja na kitu kwa dakika 30, 40 au zaidi, kutegemea daraja. Madaraja ni matano, la tano likiwa la wanaoanza na la kwanza likiwa la watu wanaokaribia kuishi kwa baiskeli. Kando ya hayo yapo makundi ya umri, na umri wenyewe huhesabiwa kwa miaka utakayokuwa umetimiza ifikapo tarehe 31 Desemba, si kwa siku ya shindano. Ndiyo maana mtu wa daraja la nne aliyevuka miaka 45, kama mimi, anaweza kukimbia asubuhi na daraja la nne na la tano, adhuhuri na watu wa rika lake, na alasiri na daraja la tatu na la nne, bila kuvunja kanuni yoyote.

Kila shindano lilikuwa dola 45. Waandaaji wengi humpunguzia mtu ada ya shindano la pili na la tatu, kwa kuwa askari wa barabarani, gari la wagonjwa na kamera ya mstari wa mwisho vimeshalipiwa tangu asubuhi, na mtu yuleyule akirudi mstarini hawaongezei gharama ya maana. Hawa hawakupunguza hata senti moja, na juu yake wakatoza gharama ya kujiandikisha mtandaoni mara tatu. Bei ya baiskeli mpya ya Phoenix hapo Kahama mnaijua, hesabu fanyeni wenyewe. Linaloniuma zaidi ni kwamba madaraja ya chini ndiyo yenye watu wengi wanaolipa, ilhali zawadi za fedha huenda karibu zote kwa madaraja ya juu; sisi tulioshika nafasi za mbele asubuhi tulipewa soksi. Kwetu Kanda ya Ziwa mashindano niliyoyaona nikikua yalikuwa ya safari ndefu, watu wakikata zaidi ya kilomita 100 juani kwa baiskeli nzito zilizokuwa jana yake zimebeba mkaa, lakini aliyetangulia alijulikana na mdhamini alimkabidhi kitu ambacho familia nzima ilikiona.

Sasa kutojua. Binamu anadhani mashindano matatu ni uchovu ule ule mara tatu, na sivyo. Asubuhi unapambana na wageni wa mchezo, wenye nguvu nyingi na kona mbaya, hivyo kazi kubwa ni kukaa mbele ili asikuangukie mtu. Adhuhuri, kwa watu wa rika langu, hakuna anayepoteza nguvu bure. Wanajua kwamba ukijikinga upepo nyuma ya mwenzako unaokoa takribani theluthi moja ya jasho lako, na wanakungoja ukosee. Alasiri mwendo unapanda kwa namna ambayo kifua kinaungua kuanzia mzunguko wa kwanza, na anayeachwa hadi kundi kumkaribia kwa nyuma hutolewa njiani. Kati ya shindano na shindano hukai ukajinyoosha kivulini, maana miguu itaganda. Unazunguka polepole kwenye mtaa wa pembeni, unakunywa maji yenye chumvi, unakula viazi vitamu vilivyochemshwa usiku, kisha unabandua namba ya kwanza na kubandika nyingine kwa pini kwenye fulana ambayo bado imelowa.

Shindano la adhuhuri ndilo lililonifanya niandike haya. Tairi langu la nyuma lilipasuka kwenye kona, zikiwa zimebaki dakika 20 hivi. Kanuni inamruhusu aliyepata pancha kwenda kwenye kituo cha magurudumu, kubadilisha, na kurudishwa kundini mzunguko unaofuata, ilimradi mizunguko ya mwisho haijaanza. Lakini gurudumu la akiba ni lazima uwe umelileta mwenyewe, na mimi sina jingine. Mzee mmoja mweupe, wa miaka sitini hivi, alikuwa hapo akijiandaa kwa shindano lililofuata letu. Hakuniuliza jina. Aliinama akaangalia kama breki zetu ni za aina moja, akahesabu gia, akapindua baiskeli yake akachomoa gurudumu la nyuma, akalipachika kwangu, akafuta mafuta ya mnyororo kwenye soksi zake nyeupe na kunisukuma kwa nguvu kundi lilipofika. Alijua kwamba nikianguka nalo, yeye siku hiyo hakimbii.

Nilipomrudishia nilitaka kumlipa. Nchi hii hata upepo wa tairi kwenye kituo cha mafuta mara nyingi hulipiwa, na sikutegemea jibu alilonipa: aliniuliza tu kama upepo ulikuwa umetosha, akapachika gurudumu lake na kwenda mstarini. Kisha akaagiza nipelekewe gurudumu la kijana wa timu yao, nilitumie alasiri. Nililitumia, na nikamaliza ndani ya kundi, jambo ambalo katika daraja la tatu sikuwahi kulifikia.

Ninyi mnaopanga kuja huku na mnapenda baiskeli, msidhani kuna fedha katika madaraja haya. Nunueni baiskeli iliyotumika, na fremu ya kaboni ikaguliwe na fundi kabla hamjatoa hela, kwa sababu ufa mdogo hauonekani chini ya rangi. Bima ya afya iwepo kabla ya shindano la kwanza. Mfupa wa mtulinga huvunjika kirahisi katika mchezo huu, na gharama yake hospitalini inaweza kumaliza akiba yote ya mtu. Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, mtu aliyejua kazi yake kuliko sisi sote, alifariki kwa ajali ya mashindano huko Vermont mwezi Agosti 2022. Zamu ya usiku wa kuamkia shindano ibadilisheni mapema, maana macho yenye usingizi hayaoni kona.

Kwa waandaaji nimeshaandika barua nikitaka ada ya shindano la pili na la tatu ipunguzwe kama wenzao wanavyofanya, na nitaendelea kuwaandikia hadi wajibu. Binamu naye, fedha ya ada ya shule niliyoahidi inatumwa mwisho wa mwezi kama kawaida, baiskeli haijaigusa. Na kama yupo Mtanzania au Mkenya karibu na Chicago anayetaka kujaribu, ipo leseni ya siku moja, na daraja la wanaoanza mara nyingi ndilo linalofungua asubuhi. Aje na helmeti yake, kwa sababu bila helmeti hataruhusiwa hata kupasha mwili.