Ndani umeshona vizuri

Alhamisi Mzee alipita karakana. Mnamjua, yule fundi aliyenifundisha kushika mkasi Kariakoo. Nikamwamkia, nikamwonyesha gauni la satini lililokuwa linaning'inia kwenye modo, ile sanamu ya kuvalisha nguo, siku ya tatu. Nimelikata mshazari, yaani kitambaa kimelazwa pembe badala ya kufuata uzi, mita 5 na nusu zimeishia humo. (Madeleine Vionnet, yule mbunifu Mfaransa wa mikato ya mshazari ambaye mmechoka kunisikia nikimtaja, alijaribia mikato yake kwenye mwanasesere wa mbao. Mimi nilitumia mdoli wa mpwa wangu, hadi leo hajanisamehe.) Nguo ya mshazari huipigi pindo siku hiyohiyo. Unaiacha ijivute kwa uzito wake, ndipo unasawazisha chini. Hilo nililijua baada ya kuharibu vitambaa vya watu.

Mzee akalivua kwenye modo, akaligeuza, akavaa miwani, akafuata mshono kwa ukucha wa dole gumba kuanzia kwapani mpaka nyongani.

"Ndani umeshona vizuri."

Nikasubiri. Kimya.

"Na nje, Mzee?"

"Si nimekwambia, ndani umeshona vizuri."

Nikatoka kuagiza chai. Akanywa, akaaga.

Wiki hii dada kavishwa pete, mwenye nyumba kapandisha kodi, gauni 6 za wapambe zimechukuliwa, lakini mimi naosha vyombo na ninachosikia ni "ndani". Ndani! Ni kama umepika pilau, mgeni anakusifia sufuria. Asubuhi naiona sifa, jioni naiona tusi. Kifua kimelegea? Au ni ule mgongo wazi?

Jana usiku nikaligeuza mwenyewe chini ya taa. Ncha zote zimefungiwa, bitana imeshikizwa kwa mkono, hakuna uzi unaoning'inia. Miaka minne mzee huyu alikuwa akifumua mishono yangu kwa wembe bila kusema neno. "Vizuri" yake sijawahi kuisikia, hata kwa bahati mbaya.

Nilipolirudisha modo ndipo nikakiona kialama cha chaki, kidogo kama punje ya mchele, chini upande wa kushoto. Chaki ya bluu. Mimi natumia nyeupe. Nikachukua futi: kushoto kumeshuka kidole kizima kuliko kulia.

Alikiweka nilipofuata chai! Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akagonga kuuliza kama kuna usalama.

Leo nasawazisha, kesho napiga pindo. Ila simu ya Mama haipatikani tangu asubuhi. Labda umeme umekatika Mbagala, labda chaji. Nitajaribu tena saa mbili.